Mtoto Awe Salama Shuleni: Ulinzi na Ustawi wa Wanafunzi wa Msingi, Kutoka Vugiri

Ulinzi wa mtoto shuleni ni jumla ya taratibu zinazomkinga mwanafunzi asipate madhara ya mwili, ya akili na ya utu, tangu anapotoka kwao asubuhi hadi anaporejea. Ustawi ni upande wa pili wa jambo hilohilo: mtoto ale, awe na afya, acheze, asikilizwe na asome bila hofu. Mambo haya hayatengani. Mtoto anayesinzia kwa njaa hafundishiki, na anayemwogopa mwalimu wake hawezi kumweleza kwamba kuna mtu anamvizia njiani.

Shule ya msingi ina nafasi ya pekee katika kazi hii. Humpokea mtoto akiwa bado mdogo na kukaa naye miaka kadhaa, na nje ya nyumba yake hakuna mahali pengine ambapo watu wazima wengi humwona karibu kila siku. Mwalimu makini huliona jeraha jipya, huuona unyonge ulioanza wiki iliyopita, na hujua ni nani hakuja leo. Lakini wema wa mwalimu mmoja hautoshi. Mwalimu huhamishwa, huugua, na wakati mwingine ndiye anayemdhuru mtoto. Kinachomlinda mtoto ni utaratibu unaojulikana na kila mtu, unaofanya kazi hata siku ambayo mwalimu yule mwema hayupo.

Shule ya milimani

Vugiri ni kata ya Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, katika milima ya Usambara Magharibi. Chini ya milima hiyo kuna uwanda wenye historia ndefu ya mashamba ya mkonge, na barabara kuu inayopita Segera, Korogwe na Mombo kuelekea Same na Moshi. Kusini iko Wilaya ya Handeni. Wenyeji wa milimani wengi wao ni Wasambaa, wakulima wa mahindi, maharage na ndizi, na upande wa Ambangulu na Dindira kuna mashamba ya chai. Watoto wengi hukua wakizungumza Kisambaa nyumbani na hukutana na Kiswahili cha masomo darasani.

Mazingira haya huipa kazi ya ulinzi sura yake. Mwanafunzi hushuka na kupanda vilima kwa miguu, mara nyingi akipita kwenye vichaka, mashamba na vijito. Hospitali ya Wilaya ya Magunga iko mjini Korogwe, na msimu wa masika njia za milimani huteleza. Hatua ambayo mjini humalizika kwa saa moja, milimani yaweza kuchukua siku nzima. Ndiyo maana shule ya kijijini inahitaji kuwa na utaratibu wake tayari kabla ya tatizo kutokea.

Kuwatunza watoto waliodhurika si jambo geni katika milima hiyo. Mwaka 1896 Wajerumani wa misheni walifungua kituo cha watoto waliokombolewa utumwani huko Lutindi, wilayani humohumo Korogwe. Mwanzoni mwa karne ya 20 kituo hicho kikageuzwa kuwa hospitali ya magonjwa ya akili, na bado kinafanya kazi hiyo. Wakati ule ulinzi ulikuwa sadaka ya watu wa dini. Leo ni wajibu wa kisheria wa wazazi, walimu na serikali.

Wajibu unaotokana na sheria

Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto tarehe 20 Novemba 1989, na Tanzania ikauridhia mwaka 1991. Mwaka 2003 ikaridhia pia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Mikataba hiyo iliingizwa katika sheria za Tanzania Bara kupitia Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Zanzibar nayo ilitunga yake mwaka 2011.

Kwa Sheria ya Mtoto, kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto. Maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza kuangaliwa katika kila uamuzi unaomhusu. Mtoto ana haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na michezo, na pia ana haki ya kutoa maoni yake. Asibaguliwe kwa jinsia, dini, kabila, ulemavu, afya au hali ya kuzaliwa kwake.

Kifungu cha 95 kinamgusa kila mwanakijiji. Mtu yeyote katika jamii akiwa na ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumtunza mtoto wake, ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa ya eneo hilo. Sheria haimtaki awe amethibitisha jambo lenyewe. Uchunguzi ni kazi ya wenye mamlaka. Jirani, mwalimu au mpishi wa shule anatakiwa kusema alichokiona.

Sheria nyingine zinakamilisha picha. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza adhabu za ubakaji na ulawiti na kuharamisha ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi huo mwaka 2019.

Njiani, uwanjani na chooni

Ulinzi huanza barabarani. Watoto wadogo wa darasa la awali, la kwanza na la pili wapangwe kutembea kwa makundi pamoja na wakubwa wao wa kitongoji kimoja. Shule ijue ni njia zipi zina vijito vinavyofurika, na wakati wa mvua kubwa mwalimu wa zamu awaruhusu wa mbali kuondoka mapema. Mtoto anayekuja kuchukuliwa na mtu asiyejulikana asitolewe mpaka mzazi au mlezi athibitishe.

Ndani ya eneo la shule, hatari nyingi zina dawa ya jembe na nyundo. Kisima kiwekwe mfuniko, shimo la taka lizungushiwe uzio, chumba chenye ukuta wa nyufa kisitumike na watoto wahamishwe, jiko la kuni litengwe ili wadogo wasilifikie. Kazi za usafi zipangwe kwa umri; mtoto wa darasa la pili hapewi panga la kufyekea.

Choo kina uzito zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Viwango vya Tanzania vinataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, vyoo vya jinsia hizo mbili vikiwa vimetengana. Mlango uwe na komeo la ndani. Choo kisicho na mlango humfanya msichana ajizuie siku nzima au asije kabisa akiwa kwenye hedhi, na choo kilichojificha nyuma ya vichaka huwa mahali pa uonevu. Maji ya kunawa, ndoo yenye bomba na sabuni si mapambo: bila hivyo kuhara na minyoo huenea shule nzima.

Msongamano nao ni suala la ulinzi. Elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa mwaka 1977, ada ikafutwa tena mwaka 2001, na tangu Januari 2016 shule za msingi za serikali hazitozi ada wala michango ya lazima. Kila hatua ilileta shuleni maelfu ya watoto waliokuwa wakibaki nyumbani, na hilo ni jema kubwa. Lakini kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na darasa linapopita hapo mwalimu hupoteza uwezo wa kumtambua mtoto mmoja mmoja. Shule yenye uhaba wa walimu inalazimika kutumia zaidi daftari la mahudhurio, kwa sababu ndilo linalomkumbusha mwalimu kile ambacho macho yake hayakukiona.

Chakula na afya

Mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kunywa hata uji hawezi kusikiliza hesabu saa tano. Utaratibu uliozoeleka ni wazazi kukubaliana katika mkutano kuchangia mahindi, maharage, kuni na ujira wa mpishi, na kamati ya shule kusimamia ghala. Hapa huzuka jambo linalotaka busara: mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia. Kumtenga mtoto huyo na kumwacha akiwatazama wenzake wakila ni kumwadhibu kwa kosa lisilo lake. Deni ni la mzazi, na uongozi wa kijiji ndio wenye njia za kulidai. Sahani ya mtoto isiguswe.

Afya ya shuleni inajumuisha dawa za minyoo na kichocho, chanjo, na uchunguzi wa macho na masikio. Wasichana hupata chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Mtoto anayeitwa mzito au mkaidi mara nyingi haoni ubao vizuri au hasikii. Kabla ya kumlaumu, mwalimu amhamishie dawati la mbele na kumwarifu mzazi ampeleke zahanati.

Watoto wenye ulemavu wako katika hatari maradufu, kwa kuwa wengine hawawezi kukimbia, kuona anayewadhuru au kueleza yaliyowapata. Mkoa wa Tanga una shule zenye uzoefu, kama ile ya wasioona ya Irente, Lushoto. Hata hivyo wengi wa watoto hawa wako katika shule za kawaida za vijiji au wamefichwa nyumbani. Mwenyekiti wa kitongoji na mwalimu mkuu wanapoandikisha wanaoanza darasa la kwanza wanaweza kuwauliza wazazi moja kwa moja kuhusu watoto hao.

Fimbo na adhabu

Tanzania Bara haijafuta viboko shuleni, lakini imeviwekea mipaka ambayo wengi hawaijui. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko kitumike kwa utovu mkubwa wa nidhamu tu, kwa kuzingatia umri, jinsia na afya ya mtoto, na visizidi vinne kwa wakati mmoja. Anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Kila adhabu huandikwa katika kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa.

Kwa kipimo hicho, mengi yanayofanyika yako nje ya kanuni. Kuchapa darasa zima kwa kushindwa mtihani, kumpiga mtoto kichwani au mgongoni, kumpigisha magoti juani, kumpa kiranja fimbo awachape wenzake, yote hayo hayana ruhusa. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya kuiba, na nchi nzima ikashtuka.

Kipo pia kipimo kikubwa zaidi ya tukio moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamepata ukatili wa mwili kabla ya kufikisha miaka 18, na zaidi ya nusu walisema walipigwa na walimu. Majirani wamechagua njia nyingine: Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda iliingiza katazo hilo katika sheria ya watoto mwaka 2016.

Wazazi wengi hujibu kwa methali ya mchelea mwana kulia. Methali hiyo inamhimiza mzazi asikwepe kumkanya mwanawe. Haisemi lazima akanywe kwa fimbo. Nidhamu hujengwa kwa kanuni chache zinazoeleweka, zilizobandikwa ukutani na kutungwa pamoja na wanafunzi, na kwa adhabu inayofanana na kosa: aliyechafua asafishe, aliyeharibu asaidie kutengeneza, aliyemtukana mwenzake amwombe radhi mbele ya mwalimu. Mzazi wa anayerudia kosa huitwa shuleni, na mara nyingi mazungumzo hayo hufichua chanzo ambacho fimbo ingekificha: mama mgonjwa, baba mlevi, au mtoto anayelala kwa jamaa asiyemtaka.

Ukatili wa kingono

Utafiti huohuo wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba hivi, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono wakiwa watoto. Wengi wao hawakupata huduma yoyote, na wavulana walisema jambo lao kwa nadra kuliko wasichana. Mhalifu kwa kawaida si mgeni. Ni jirani, jamaa, rafiki wa familia, dereva wa bodaboda anayempa lifti, muuza duka anayempa biskuti, na wakati mwingine mwalimu.

Huanza taratibu: zawadi ndogo, sifa, kazi ya kumpelekea daftari nyumbani kwake, siri ya kwanza isiyo na ubaya, kisha siri ya pili. Kwa hiyo shule inayojilinda huweka mipaka iliyo wazi kwa watu wazima wote. Mwalimu hamtumi mwanafunzi nyumbani kwake. Masomo ya ziada hufanyika darasani, mlango ukiwa wazi, kukiwa na zaidi ya mtoto mmoja. Hakuna ujumbe wa simu wa siri kati ya mwalimu na mwanafunzi. Mipaka hii humlinda pia mwalimu mwadilifu dhidi ya tuhuma za uongo.

Mtoto naye afundishwe mapema, kwa maneno ya umri wake, kwamba mwili wake ni wake, kwamba kuna sehemu zisizoguswa na mtu, kwamba anaweza kusema hapana na kukimbia, na kwamba siri inayomtia hofu haipaswi kutunzwa. Afundishwe majina halisi ya viungo, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Mtoto wa Kisambaa anaweza kukosa maneno ya Kiswahili ya jambo la aibu, na akiruhusiwa kulisema kwa lugha ya mama yake atalisema.

Dalili haziwi ushahidi peke yake, lakini hutaka kuulizwa: mtoto aliyekuwa mchangamfu akanyamaza, anayekojoa kitandani upya, anayetembea kwa maumivu, anayeogopa njia fulani au mtu fulani, mwenye fedha au simu isiyojulikana ilikotoka.

Saa za kwanza baada ya tukio

Mtoto anapofungua mdomo, mwalimu amsikilize kwa utulivu mahali pa faragha lakini panapoonekana. Asimhoji kama polisi, asimlaumu, asimwahidi kwamba hatamwambia mtu. Amweleze kwamba amefanya vyema kusema, na kwamba atawaambia watu wachache tu wanaoweza kumsaidia. Kisha aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, tarehe na saa, na kutia saini.

Kwa ukatili wa kingono, muda ndio jambo kubwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Mtoto asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla ya daktari kumwona. Nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kutoka milimani Vugiri, kusubiri kesho ni kupoteza sehemu ya saa hizo, kwa hiyo safari ya hospitali ianze siku hiyohiyo. Mtoto asindikizwe na mzazi au mtu anayemwamini.

Polisi hutoa fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza na kuwa ushahidi mahakamani. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto lenye askari waliofundishwa kuzungumza na watoto. Katika baadhi ya hospitali kuna vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja ili mtoto asirudie simulizi yake kila ofisi. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye anayesimamia mahali pa kumweka mtoto ambaye nyumbani kwao si salama. Asiyejua aanzie wapi anaweza kupiga namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni ya bure na inaendeshwa na shirika la C-Sema kwa ushirikiano na serikali.

Kesi nyingi huzama katika hatua inayofuata, pale familia mbili zinapokaa na kumalizana. Fedha au mbuzi hubadilisha mikono, mtoto huambiwa anyamaze, na mhalifu hubaki kijijini na watoto wengine. Lakini kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si ya baba wa mtoto, na hakuna mzee wa ukoo wala mwenyekiti mwenye mamlaka ya kuifuta kwa fidia. Wala familia isikate tamaa kwa kukosa shahidi mwingine. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli, na katika makosa ya kingono mahakama inaweza kutia hatiani kwa ushahidi wake peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli.

Mtuhumiwa akiwa mwalimu, mwalimu mkuu asifanye upelelezi wake wala kikao cha siri cha ofisini. Jinai ni ya polisi. Nidhamu ya kazi ni ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mwalimu ana haki ya kusikilizwa, na wakati anasubiri kusikilizwa aondolewe karibu na watoto.

Kazi, utoro na mimba

Mtoto asiyeonekana shuleni ni mtoto asiyelindwa na shule. Utafiti wa kitaifa wa utumikishwaji wa watoto wa mwaka 2014 ulikadiria watoto milioni 4.2, yaani asilimia 28.8 ya wenye miaka 5 hadi 17, kuwa katika kazi zisizowafaa, walio wengi mashambani. Kumsaidia mama kupalilia jioni ni malezi. Kumtoa mtoto shuleni wiki ya mavuno, kumbebesha mizigo asiyoiweza au kumtuma mjini akawe mtumishi wa ndani ni jambo jingine. Sheria ya Mtoto inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kazi nyepesi, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Utoro ushughulikiwe mapema. Siku chache bila taarifa zitoshe kumfanya mwalimu wa darasa aulize kwa jirani, kisha kwa mzazi, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Baada ya miezi mitatu mtoto huwa ameshafika Tanga au Dar es Salaam na kumpata ni kazi kubwa.

Msichana aliyepata mimba alikuwa akifukuzwa shule moja kwa moja. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Ruhusa hiyo inahitaji mwalimu atakayeifikisha nyumbani kwa msichana, kwani yeye mwenyewe huona haya kuja kuuliza.

Nani afanye nini

Shule iwe na mwalimu wa malezi na unasihi, ikiwezekana wawili, wa kike na wa kiume, wanaojulikana kwa sura na kila mwanafunzi. Majina yao na namba 116 yaandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Sanduku la maoni lifunguliwe kila wiki na watu wawili pamoja, akiwemo mjumbe wa kamati ya shule, kwa maana sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja haliaminiki. Klabu za wanafunzi hufanya kazi ambayo watu wazima hawaiwezi. Mfano mzuri ni TUSEME, iliyoanza mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mchango wa Penina Mlama na Amandina Lihamba, ambayo iliwawezesha wasichana wa sekondari kueleza matatizo yao kwa maigizo na nyimbo. Njia hiyo inafaa pia kwa watoto wa darasa la tano.

Kamati ya shule ikague majengo, chakula na kitabu cha adhabu kila muhula. Serikali ya kijiji na ya kata zina kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizowekwa na mpango wa kitaifa wa kutokomeza ukatili ulioanza mwaka 2017, na mwalimu mkuu anapaswa kuhudhuria vikao vyake. Viongozi wa misikiti na makanisa waweke mipaka ileile kwa madrasa na shule za Jumapili, kwani mtoto ni yuleyule jioni na mwisho wa wiki.

Wageni na wafadhili nao wahusishwe. Shule nyingi za vijijini hupata madawati, vitabu au matangi ya maji kutoka kwa marafiki wa mbali, na shukrani ni haki yao. Lakini mgeni, awe wa Dar es Salaam au wa Ulaya, asiachwe peke yake na mtoto, asimchukue matembezi, wala asimpige picha na kuisambaza bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia taarifa za watoto, na picha ya mtoto yatima yenye jina la kijiji chake inaweza kumfikisha mtu mbaya hadi mlangoni kwao.

Hatua ya mwisho ni ya baada ya tukio, na ndiyo husahauliwa mara nyingi. Mtoto aliyeumizwa hurudi darasani akiwa na aibu, na wenzake huwa wameshasikia. Mwalimu akataze mzaha, amkalishe karibu na rafiki anayemwamini, ampe muda wa kufidia masomo, na kumwona kila wiki kwa miezi kadhaa. Kumbukumbu za kesi zifungiwe kabatini, zisomwe na wachache. Kila mwisho wa mwaka mwalimu mkuu na kamati wazipitie bila kutaja majina na kujiuliza kwa nini jambo lilitokea, nani alichelewa, na ni mlango upi, njia ipi au kanuni ipi ibadilishwe kabla ya shule kufunguliwa Januari.